Ameruhusiwa tangu Jumanne, hajatoka

Ijumaa usiku mweka hazina wa grupu letu la mtaa alituma tena ile orodha. Mnaijua. Inaanza na "Ndugu majirani, mchango wa matibabu ya fundi wetu", kisha majina yanateremka: 1. Mama Neema 10,000. 2. Baba Juma 20,000. 3. Duka la kona 5,000. Anayetuma pesa ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Usiku ule ilikuwa imefika namba 38, jumla 615,000. Deni la hospitali ni 1,480,000.

Fundi mwenyewe ni mama aliyewashonea wanangu wote wawili sare za shule. Alipasuliwa tumbo, upasuaji ukaenda salama, na Jumanne daktari akamruhusu. Mhasibu hajamruhusu. Nilikwenda kumwona Alhamisi. Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, begi lake dogo limefungwa tayari, amejifunga kanga ya kutokea. Kitanda cha jirani kimepata mgonjwa mpya, na ndugu za mgonjwa wakamwuliza kama anaondoka leo. Akawajibu, "Mungu akipenda." Kila usiku anaolala pale unaongezwa kwenye deni.

Chini ya orodha, Mwalimu akaandika. Mwalimu ni mstaafu, amefundisha nusu ya vijana wa mtaa huu, na akisema jambo watu hunyamaza. Aliandika hivi: "Wapendwa, tumchangie fundi. Ila tusilaumu. Nchi za wenzetu zilijenga viwanda kwanza, zikatajirika, ndipo zikawatibu watu wao. Ugali haugawiwi kabla haujaiva." Dole gumba kumi na mbili chini yake. Nilizihesabu.

Shikamoo Mwalimu. Nilianza kukujibu kule kule kwenye grupu, jibu likawa refu kuliko simu yangu, nikaona nilihamishie hapa. Maana sentensi yako hiyo nimeisikia redioni, nimeisikia kwa wabunge, nimeisikia kwa vijana waliosoma uchumi, na kila ninapoisikia hakuna anayeuliza kama ndivyo ilivyokuwa kweli.

Tuanze na Korea Kusini, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kuliko zote. Sheria yao ya bima ya afya ni ya mwaka 1963, chini ya serikali ya kijeshi ya Park Chung-hee. Ilikuwa ya hiari, kwa hiyo ikalala. Mwaka 1977 wakaifanya lazima kwa makampuni yenye wafanyakazi 500 na zaidi. Mwaka huo ndio kwanza pato la Mkorea mmoja lilikuwa linafika kama dola 1,000 kwa mwaka. Najua, dola ya wakati ule ilinunua zaidi ya dola ya leo, lakini hata hivyo hiyo si nchi tajiri kwa hesabu yoyote. Mwaka 1979 wakaingia watumishi wa umma na walimu wa shule binafsi. Januari 1988 wakulima na wavuvi. Julai 1989 watu wa mijini waliojiajiri, wenye vibanda na maduka na cherehani. Miaka 12 tu kutoka kampuni kubwa hadi nchi nzima. Wajapani na Wazungu walitumia miongo mingi kwa safari hiyo hiyo.

Hapo nakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Korea kweli ilianzia kiwandani. Mkulima alisubiri miaka 11 baada ya mfanyakazi wa kampuni kubwa kupata kadi. Mwalimu ana nusu ya hoja. Lakini angalia mkulima aliingia wakati gani. Mwaka 1987 watu walijaa barabarani wakidai kuchagua rais wao wenyewe, Desemba wakapiga kura, na mwezi uliofuata bima ikafika vijijini. Hata hapo wakulima walilalamika kwamba mchango ni mzito, na serikali ikalazimika kubeba karibu nusu yake kutoka kwenye kodi. Nchi ilikuwa na viwanda vya meli na magari, na bado mtu asiye na mshahara hakuweza kubanwa akalipa peke yake. Hilo naomba mlikumbuke, maana Thailand ndiyo inayolisema waziwazi.

Thailand ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kirefu, kwa sababu inafanana nasi zaidi. Wakulima wa mpunga, wauza chakula barabarani, vijana wa pikipiki za abiria, mafundi wa chini ya mti. Watu wasio na hati ya mshahara. Watumishi wa umma walikuwa na mpango wao mzuri. Maskini kabisa walipewa matibabu bure tangu 1975, kwa utaratibu wa kuthibitishwa kwamba kweli ni maskini. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1990 ikawachukua wafanyakazi wa makampuni, ikianza na yale yenye watu 20 na zaidi. Katikati wakabaki mamilioni: si maskini wa kutosha kupewa msamaha, na hawana mwajiri wa kukatwa mshahara. Yaani fundi wetu.

Kwa hao, Thailand iliwauzia kadi. Ilianza 1983 na huduma za mama na mtoto, kisha ikapanuliwa. Familia ililipa baht 500, sarafu yao, kwa mwaka, na kuanzia 1994 serikali ikawa inaongeza 500 nyingine juu ya kila kadi. Mnaokumbuka "tele kwa tele" ya Mfuko wetu wa Afya ya Jamii, CHF, mmeshaelewa, ni kitu kile kile.

Na mimi kadi hiyo naijua kwa macho. Ni mtoto wa Igunga, Tabora. Ndiko CHF ilikoanza kujaribiwa mwaka 1996, kabla haijapata sheria yake 2001 na kusambaa mikoani. Kadi yetu ilikuwa karatasi ngumu yenye majina ya watu wa nyumbani kwa kalamu ya bluu, na mama aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na kadi zetu za kliniki. Baba aliilipia baada ya kuuza pamba, mwaka ambao mama alikuwa na ujauzito wa mdogo wetu wa mwisho. Mwaka uliofuata hakuna aliyeugua, pamba ikashuka bei, kadi haikulipiwa. Baba hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa na ada za shule, alikuwa na plau iliyovunjika, na watoto wake walikuwa wazima wanakimbizana uwanjani. Alichagua plau. Mimi leo ningechagua hivyo hivyo. Halafu katika mwaka huo huo usio na kadi nikavunjika mkono kwa kuanguka kwenye mwembe, na ikauzwa mbuzi.

Sasa mzidishe baba huyo mara milioni kadhaa, umpeleke kwenye mashamba ya mpunga ya kaskazini mashariki ya Thailand, utaona kilichowatokea. Wanaonunua kadi ni mjamzito, mwenye kisukari, mwenye mzazi mgonjwa. Mzima hanunui. Mfuko unabeba wagonjwa watupu, unakauka, zahanati inakosa dawa, na aliyenunua mwaka huu akikosa dawa haji tena mwakani. Hakuna elimu kwa umma inayoponya hilo. Hakuna semina, hakuna gari la matangazo. Thailand ilihangaika na kadi hiyo karibu miaka 20, na ilipofika mwaka 2001 bado Wathai wapatao milioni 18, karibu thuluthi moja ya nchi, hawakuwa na bima yoyote.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ambacho natamani kila mtu anayetunga sera hapa kwetu akisome mara mbili. Waliacha kumfukuzia mtu asiye na mshahara. Walikubali kwamba mchango wake hauwezi kukusanywa nyumba kwa nyumba, wakamlipia kwa kodi ya jumla ya nchi. Mtu yeyote ambaye hayuko kwenye mpango wa watumishi wala wa wafanyakazi wa makampuni akaingizwa moja kwa moja. Akifika hospitali alilipa baht 30, ambayo wakati ule haikufika dola moja. Hakuna kadi ya kununua, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna mwaka wa plau.

Aliyelibeba wazo hilo ni daktari, Sanguan Nitayarumphong. Kijana wa Bangkok aliyeanzia kazi hospitali ndogo ya Rasi Salai, mkoa wa Sisaket, kwa wakulima maskini, akaona kwa macho yake familia zinavyouza nyati kumtibu mtu. Nyati kule, mbuzi Igunga. Alizunguka na hesabu zake kwa wanasiasa hadi chama cha Thaksin Shinawatra, aliyekuja kuwa waziri mkuu, kikazichukua na kuzifanya ahadi ya uchaguzi wa Januari 2001. Na haikuwa kazi ya wakubwa peke yao. Mashirika ya wananchi, wanawake, wakulima, watu wanaoishi na VVU, walikusanya sahihi zaidi ya 50,000 kupeleka bungeni muswada wao wenyewe, kama katiba yao ya 1997 ilivyoruhusu. Aprili 2001 mpango ukaanza kwa majaribio katika mikoa sita. Aprili 2002 ulikuwa umefika nchi nzima. Novemba 2002 ukapata sheria. Mwaka mmoja, Mwalimu. Sisi Igunga peke yake ilichukua miaka mitano kupata sheria ya kadi ya hiari.

Na Thailand ya 2001 ilikuwa tajiri? Pato la mtu mmoja lilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, kiwango ambacho kwa hesabu za leo Kenya haiko mbali nacho. Zaidi ya hapo, ilikuwa ndiyo kwanza inainuka kutoka chini. Tarehe 2 Julai 1997 sarafu yao iliachwa ielee, yaani soko liamue thamani yake, ikazama, na moto huo ukaunguza nusu ya Asia. Viwanda vilifungwa, mabenki yakafungwa, watu wakarudi vijijini na mabegi yao. Wataalamu wengi, pamoja na madaktari wengi, walisema baht 30 itaifilisi nchi. Walisema subirini uchumi ukae sawa. Serikali haikusubiri, na nchi haikufilisika.

Jinsi fedha inavyofika hospitali ndiko kwenye akili yenyewe. Hospitali ya wilaya haisubiri mgonjwa aje ndipo imwandikie bili. Inalipwa kwa kichwa. Mwaka 2002 ilikuwa baht 1,202 kwa kila mtu aliyeandikishwa kwa mwaka. Kwa watu 50,000 walioandikishwa hiyo ni bajeti ya kama baht milioni 60, wakiugua wasiugue. Basi mkulima akiingia mlangoni, fedha yake imeshatangulia. Mhasibu hana cha kumshikia. Fikiria wodi ambayo daktari akisema nenda, unakwenda. Nimeifikiria sana tangu Alhamisi.

Niseme na yasiyopendeza, maana yapo. Hospitali zilizokuwa na wafanyakazi wengi na watu wachache wa kuandikisha zilipata shida ya fedha. Foleni ni ndefu. Watumishi wa umma waligoma kuunganishwa, kwa hiyo Thailand hadi leo ina mifuko mitatu, na serikali inamtumia mtumishi wake fedha nyingi kuliko anayotumia kwa mkulima. Hilo ni jeraha la haki, na sisi tukianza tutakutana na watu wale wale wasiotaka kuchanganywa na wengine. Korea iliweza: mwaka 2000 ilivunja mamia ya mifuko midogo ikawa mmoja.

Pia Thailand isingeweza bila majengo. Kwa miaka ya 1980 walisimamisha kwa muda uwekezaji mpya katika hospitali kubwa za mijini, fedha ikaenda wilayani. Daktari akihitimu lazima akatumikie vijijini. Wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini walianza mwishoni mwa miaka ya 1970, leo ni zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo bima ilipofika ilikuta mlango, kitanda na mtu wa kukupokea. Sisi zahanati tumejenga nyingi na nazifurahia. Dawa na watu wa kuzitoa ndio bado.

Nataka kusema kidogo kuhusu figo, halafu niendelee. Mwanzoni mpango wa baht 30 haukulipia kusafisha damu, kwa kuwa ni ghali mno. Wagonjwa wa figo walikuwa wanauza nyumba, kisha wanakufa. Wakaandamana, wakaeleza, wakahesabiwa. Januari 2008 huduma hiyo ikaingizwa. Mwezi huo huo Daktari Sanguan alifariki kwa saratani ya mapafu. Dawa za kufubaza VVU zilikuwa zimeshaingizwa kabla yake. Baada yake yametokea mapinduzi ya kijeshi, 2014, kama yalivyotokea 2006, na wanajeshi hao, ambao walifuta mengi ya Thaksin, huu mpango hawakuuvunja. Watu walikuwa wameshaonja kutoka hospitali bila kushikiliwa.

Kuna anayeniambia: hiyo ni Asia, wana nidhamu. Brazil je? Iliandika kwenye katiba yake ya 1988 kwamba afya ni haki ya wote na wajibu wa dola, mwaka ambao bei za vitu zilikuwa zinapanda kwa kasi ya kutisha.

Na kama mtu bado anaamini kwamba kiwanda kikija vingine vitakuja vyenyewe, aende Seoul asubuhi. Atawaona wazee wanasukuma mikokoteni ya maboksi, wanaokota karatasi za kuuza kwa kilo. Hao ndio waliojenga zile meli na zile barabara. Zaidi ya thuluthi moja ya Wakorea waliovuka miaka 65 ni maskini kwa vipimo vya nchi yao, kiwango cha juu kuliko karibu nchi zote tajiri. Pensheni ya taifa ilianza 1988, wengi wao walikuwa wameshazeeka au hawakuwa na miaka ya kuchangia. Viwanda walivijenga, utajiri ukaja, na wao ukawapita. Inaniuma kuwaza hivyo, kwa sababu baba yangu naye ana miaka 74 na pamba yake yote ilikwenda nje kwa meli.

Sasa kwetu Tanzania. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Niliishangilia na bado naiunga mkono. Kenya nayo ilianza mfuko wake mpya Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara anakadiriwa kwa hali ya kaya yake na kutakiwa alipe kwa mwaka. Sote wawili tumerudi kwa baba yangu na plau. Tunamwomba mtu ambaye kipato chake kinakuja kwa msimu, kwa siku, kwa gauni moja moja, atoe fungu la mwaka mzima akiwa mzima wa afya. Halafu asipotoa tunamwita mgumu wa kuelewa.

Nilimwambia Mwalimu haya kwa kifupi jana, baada ya kumsalimu nje ya duka. Alinisikiliza vizuri, ndiyo tabia yake. Kisha akauliza: "Sawa mwanangu, alipiwe kwa kodi. Kodi ya nani? Yeye halipi."

Swali hilo limenikosesha usingizi kuliko mengine yote. Hapo kuna ugumu wa kweli: kodi tunayokusanya ni ndogo kwa mahitaji yetu, na kiwanda kikiongezeka kodi inaongezeka. Sitalikwepa hilo. Lakini si kweli kwamba fundi halipi. Uzi anaonunua una VAT, asilimia 18. Vifungo, zipu, sindano za cherehani, sabuni. Vocha aliyotumia kunipigia nikachukue sare ina VAT na ushuru juu yake. Amelipa kwa miaka yote niliyomfahamu, kidogo kidogo, kila siku, bila risiti yenye jina lake. Mwalimu alikatwa kwenye mshahara, makato yakaandikwa, leo ana kadi. Fundi alikatwa dukani, hayakuandikwa popote, leo amekaa pembeni ya kitanda na begi limefungwa.

Mwalimu hakujibu. Alitoa simu, akavaa miwani, akatuma 30,000. Ni namba 71. Imebaki laki mbili na elfu arobaini, na za usiku wa leo.